Upinde kwa Ajili ya Choroa wa Jangwani: Vifaa Gani, na Vijaribiwe Vipi?

Swali: Nina upinde wa kompaundi, yaani ule wenye makapi (magurudumu madogo) kwenye ncha zake, niliouweka kwenye uzito wa kuvuta wa paundi 60, ingawa unaweza kupandishwa hadi 70. Mishale yangu ya kaboni ina uzito wa greni 380 (karibu gramu 25), na kipima mwendo kinaonyesha kwamba inaondoka kwa futi 265 kwa sekunde. Mpaka sasa nimewinda vichakani, kwa umbali wa mita 20 hivi. Nimepata nafasi ya kwenda kuwinda choroa, yaani swala mkubwa mwenye pembe ndefu, katika nyika kavu za Kalahari, upande wa Namibia, miezi ya baridi. Naambiwa kuwa jangwani mnyama hupigwa kwa mbali, kwa hiyo nafikiria kununua mishale myepesi zaidi pamoja na kilengeo chenye pini nyingi (kila pini ikiwa ya kulengea umbali wake) kitakachonifikisha mita 60. Je, niko sahihi? Na nitajuaje kabla ya safari kwamba vifaa vyangu vinafaa?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushauri ufanye kinyume cha hayo unayoyafikiria: uongeze uzito wa mshale, upunguze pini, na fedha utakazookoa uzitumie kununua vyembe (vichwa vya mishale) bora na kipima umbali cha kutegemewa. Nitaeleza sababu zake kwa utaratibu, kwa kuwa kila moja inahusiana na jinsi utakavyovijaribu vifaa vyako.

Tuanze na sheria, kwa sababu mshale ulionao sasa hauruhusiwi kwa mnyama huyo. Kanuni za Namibia zinazohusu uwindaji wa upinde zinamhesabu choroa miongoni mwa wanyama wakubwa, ambao mshale wao haupaswi kupungua greni 450, yaani gramu 29 hivi, wala nishati yake kupungua futi-paundi 65, ambazo ni karibu juli 88. Nishati hiyo hupatikana kwa kuzidisha uzito wa mshale kwa greni na mraba wa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 450,240. Ukifanya hesabu hiyo kwa mshale wako utapata futi-paundi 59 tu. Usidhani kuwa kubadilisha mshale peke yake kutatosha, kwa maana upinde uleule ukipewa mshale mzito zaidi huutoa polepole zaidi: mshale wa greni 450 ukiondoka kwa futi 245 kwa sekunde unakufikisha futi-paundi 60, na bado hujafika. Inakubidi upandishe uzito wa kuvuta pia. Ukiweka paundi 65 au zaidi kidogo, na mshale wa greni 480 unaoondoka kwa futi 250 kwa sekunde, utakuwa na futi-paundi 66 na ushei. Mwendo huo usiukadirie kwa kusoma maelezo ya mtengenezaji. Upime mwenyewe, kwa mshale kamili uliofungwa chembe utakachowindia.

Hata kama sheria isingedai hivyo, ningekushauri vivyo hivyo. Kishindo cha mshale, yaani uzito mara mwendo, ndicho kinachousukuma mshale uendelee kupenya baada ya kukutana na ngozi na mbavu, na kwa mabadiliko niliyoyataja kishindo chako kinaongezeka kwa karibu moja ya tano. Choroa dume anaweza kuzidi kilo 200, na ngozi yake ya shingoni na mabegani ni nene mno. Tena, moyo na mapafu yake viko chini na mbele kifuani kuliko wengi wanavyotarajia, huku nundu ya mabega ikimdanganya mpiga mshale alenge juu. Mnyama akiwa amesimama ubavu, fuata mstari wa nyuma ya mguu wa mbele, kisha lenga theluthi ya chini ya kifua, wala si katikati ya mwili.

Huenda ukasema kwamba mshale mwepesi unawahi kufika. Ni kweli, lakini tazama unawahi kwa kiasi gani. Kwa umbali wa mita 30, mshale wako wa sasa unachukua takribani sekunde 0.37, na huo mzito takribani sekunde 0.40. Sauti ya upinde inamfikia mnyama kwa sekunde 0.09 tu. Kwa hiyo, mshale wowote utakaotumia, mnyama anabaki na karibu theluthi moja ya sekunde ya kushtuka, na mnyama anayekunja miguu ili aruke, akijiachia kwa muda wa sekunde 0.2 tu, mwili wake unashuka kwa karibu sentimita 20. Tofauti ya sekunde 0.03 haikuokoi hapo. Kinachokuokoa ni upinde usiopiga kelele, na mshale mzito huunyamazisha upinde kwa kunyonya nguvu ambayo vinginevyo ingebaki ikitikisa mikono ya upinde (sehemu zake mbili zinazopinda) na upote, yaani kamba ya kuvutia. Katika hewa kavu na tulivu ya asubuhi ya jangwani, pasipo majani ya kuimeza sauti, nauthamini ukimya huo kuliko mwendo wowote.

Kwa upande wa vyembe, chagua vile ambavyo visu vyake havikunjuki, vyenye visu viwili au vitatu imara na upana wa kukata wa milimita 28 hivi. Vyembe vinavyofunguka vinapogonga hutumia sehemu ya nishati kujifungua, nawe kwa mnyama huyu huna nishati ya ziada ya kugawa. Chembe cha greni 125 au 150 kinafaa, ila kumbuka kwamba uzito unaoongezwa mbele unalifanya wano (mti wa mshale) lipinde zaidi wakati wa kufyatuliwa, na kupandisha uzito wa kuvuta kunafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo utahitaji mawano magumu zaidi kuliko uliyonayo. Ukiyatumia hayohayo ya zamani, vyembe vyako vitatawanyika hata kama mikono yako ni thabiti. Chagua mawano membamba na vibawa vifupi vilivyo vigumu, kwa kuwa upepo wa pembeni hupata sehemu ndogo ya kusukuma.

Sasa nije kwenye kilengeo, ambapo ndipo ninapotofautiana nawe zaidi. Jangwani utamwona mnyama kwa mbali, lakini kumwona ni jambo moja na kumpiga ni jambo jingine. Chukulia kwamba umekadiria mita 40 wakati mnyama yuko mita 44: mshale wa mwendo niliotaja utaanguka karibu sentimita 15 chini ya ulipolenga, na katika uwanda usio na miti ya kulinganishia, kukosea mita 4 ni jambo la kawaida kabisa. Kwa mita 60 kosa kama hilo linakuwa kubwa zaidi, na mnyama ana muda mrefu zaidi wa kusogea mshale ukiwa bado hewani. Pini 3 zilizowekwa kwa mita 20, 30 na 40 zinatosha. Kipima umbali kizoee mapema, maana jani moja la nyasi kavu lililo karibu nawe linaweza kurudisha kipimo chake badala ya cha mnyama. Piga kipimo mara mbili, na pima pia mti au jiwe lililo kando ya mnyama.

Aidha, uwindaji mwingi wa upinde katika nyika hizo hufanyika kwenye vibanda vya kuvizia karibu na maji, ambapo umbali ni mita 15 hadi 30. Huko tatizo ni jingine kabisa. Ndani ya kibanda ni giza, pini zinazotegemea mwanga zinafifia, na tundu dogo la kuchungulia lililofungwa kwenye upote linakuwa jeusi. Nje juani, pini hizohizo zinang'aa mpaka zinamfunika mnyama. Tundu la milimita 6 hivi linasaidia, na kipande cha utepe mweusi kinachoweza kubanduliwa, kikifunika sehemu ya nyuzi zinazokusanya mwanga, kinatuliza mng'ao wa nje. Jihadhari pia na dirisha la kibanda. Jicho lako liko juu ya mshale kwa zaidi ya sentimita 10, kwa hiyo unaweza kumwona choroa wazi kabisa kupitia dirishani huku mshale wako ukiwa umeelekea kwenye kingo ya chini ya dirisha hilo. Nimewaona watu wenye shabaha nzuri wakiupasua ubao wa kibanda kwa sababu hii. Nyumbani, tengeneza fremu ya mbao au ya katoni yenye ukubwa wa dirisha, keti nyuma yake kwenye kiti kifupi, na fanya mazoezi hapo mpaka uzoee kukagua njia ya mshale kabla ya kufyatua.

Joto na mchanga ndivyo vinavyoharibu zana ambazo kwingineko zingedumu. Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 60 za selsiasi ndani, na joto la namna hiyo hulainisha gundi inayoshika vyembe na vibawa, hurefusha upote na kamba za pembeni, na linaweza hata kubandua tabaka za mikono ya upinde. Upinde usiachwe humo hata kwa muda mfupi. Kabla ya kuondoka, chora mstari mwembamba kwa kalamu ya rangi kwenye kila kapi, pale hasa kamba inapokatiza ukingo wake upinde ukiwa haujavutwa. Kamba ikirefuka, mstari huo utasogea kutoka mahali pake, nawe utajua kwa mtazamo mmoja kwamba makapi hayazunguki tena pamoja. Alama kama hiyo iweke kwenye kilengeo na kwenye kiegemezo cha mshale, kwa kuwa mitikiso ya barabara mbovu hulegeza skrubu.

Kuhusu mchanga, usipake mafuta ya majimaji kwenye makapi wala kwenye kifyatulio (kifaa cha mkononi kinachoshika upote na kuuachia), kwani hushika vumbi na kuligeuza tope linalosaga chuma; tumia kilainishi kikavu. Nta ya upote ipakwe kidogo, kisha isuguliwe kwa kitambaa mpaka upote usinate kidoleni, kwa sababu chembechembe za mchanga zikiingia kati ya nyuzi huzikata kutoka ndani, mahali ambapo huwezi kuona. Mavazi na viatu sitavisemea sana: rangi nyeusi ukiwa kibandani, rangi ya udongo ukinyemelea, kitambaa kisichokwaruza, na soli ambayo mwiba hauipenyi.

Nimeacha majaribio mwishoni kwa kuwa hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama haya yote yanakufaa. Watu wengi hupima upinde kwa kupiga mishale mingi mfululizo, mwili ukiwa umepata moto, kisha wanafurahia jinsi ilivyokusanyika. Mnyama hakupi nafasi hiyo. Kwa hiyo kipimo chako kiwe mshale wa kwanza wa siku, bila mazoezi ya utangulizi, ukiwa na chembe halisi cha kuwindia, umevaa nguo utakazovaa huko, umekaa kwa muda mrefu bila kujinyoosha. Piga mmoja tu, andika umbali, upepo na mahali ulipogonga, kisha endelea na mazoezi mengine ukitaka. Umbali wako halali ni ule ambao mishale 20 ya kwanza ya namna hiyo yote imeingia ndani ya duara la sentimita 15. Ikiwa ni mita 28, basi ni mita 28, hata kama jioni unapiga vizuri kwa mita 50.

Baadhi ya asubuhi hizo, yafanye mazingira ya mazoezi kuwa magumu kwa makusudi. Funika upinde kwa turubai, uache nje kwenye vumbi na upepo, kisha uutikise tu na kupiga, uone kama kiegemezo cha mshale bado kinashuka kwa wakati wake mshale unapoondoka na kama kifyatulio kinaachia sawasawa. Siku nyingine piga alfajiri mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, kwa kuwa usiku wa Kalahari katika miezi ya Juni na Julai mara nyingi hukaribia nyuzi sifuri. Hapo ndipo utakapojua kama paundi 65 ni zako kweli: ukiwa umeketi, elekeza upinde kwenye shabaha na uvute taratibu bila kuuinua juu. Ukilazimika kuuinua mbinguni ili uvute, uzito huo umekuzidi, na choroa atakuona kabla hujamaliza. Kama baada ya miezi ya mazoezi hali ni hiyohiyo, omba kibali cha springboki, swala mdogo wa huko, badala ya choroa. Kiwango chake cha kisheria ni cha chini, na uwindaji wake unadai ustadi uleule.

Hakikisha vilevile kwamba vyembe vya kuwindia vinagonga pale pale vinapogonga vile vya mazoezi kwa mita 30. Vikitofautiana, rekebisha kwanza kiegemezo na urari wa makapi, wala usisogeze kilengeo ili kuficha kasoro. Chembe kilichopigwa kwenye shabaha hata mara moja kinolewe upya au kibadilishwe visu, na vile vya siku yenyewe vikae ndani ya podo lenye kifuniko ili mchanga usivifikie.

Ukifika kambini, kagua mistari ya rangi, kaza skrubu, kisha piga mshale mmoja kwa mita 20 na mmoja kwa mita 30, mwongozaji wako akiwepo. Ukitoka nje ya duara, mwambie waziwazi, na kesho yake asubuhi mbaki kwenye shabaha mpaka upinde urudi sawa.