Mwaka mpya na nyumba za Nakuru

Ndugu uliyeuliza kama mwaka mpya ununue nyumba Nakuru ama ungoje kwanza, mimi naona kuna matumaini ya kweli kabisa. Angalia riba: katikati ya 2024 ile ya Benki Kuu ilikuwa 13%, kufika Oktoba 2025 ikawa imeteremshwa hadi 9.25%, sasa mabenki hata yakijikokota kupunguza kwa wateja, mtu wa mshahara anaanza kupumua, na kupitia zile pesa za KMRC, kampuni inayokopesha mabenki na sacco pesa za mikopo ya nyumba, kuna watu wanapata mkopo wa nyumba kwa riba ya chini ya asilimia kumi, kitu hapo nyuma wengi wetu tulikuwa hatuoti. Halafu barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ile kuu ya kutoka upande wa Nairobi kupitia Nakuru, ikishapanuliwa, mitaa ya Nakuru kama Kiamunyi, Ngata na Lanet itakuwa karibu zaidi na Nairobi, na wenye ploti wanajua hilo vizuri sana, bei wanaipandisha mapema.

Lakini tafadhali usikimbilie tu bei nafuu. Pande za Mwariki na Barut, Ziwa Nakuru lilipanda likafukuza watu kwa boma zao, na kuna sehemu za mji udongo hupasuka mvua ikinyesha sana, kwa hivyo ongea na majirani waliokaa hapo miaka, wao ndio wanajua. Fanya sachi ya taito didi (hati ya ardhi) kabla hujatoa hata deposti, na kama ni shamba linakatwa vipande uliza idhini ya bodi ya ardhi. Hapo ukiridhika, nunua, usingoje.