Suruali ya kupandia miamba: tazama mkato kabla ya kitambaa

Nikishika suruali mpya dukani, huigeuza ndani nje kwanza na kutazama pale miguu miwili inapokutana. Katika suruali ya kawaida, mishono minne hukutana hapo kwenye nukta moja. Ukiinua mguu hadi usawa wa kiuno kutafuta pa kukanyaga, mvuto wote hukimbilia nukta hiyo. Kitambaa kiwe kigumu namna gani, uzi utaachia, na mara nyingi utaachia ukiwa juu.

Suruali iliyoshonwa kwa kazi hii huwa na kipande cha ziada hapo, aghalabu chenye umbo la almasi. Kipande hicho huitenganisha mishono isikutane mahali pamoja, na humpa mtu nafasi ya kutanua miguu karibu kupiga msamba bila suruali kulalamika. Mkato huu ulipata umaarufu kupitia Mike Graham, mpandaji wa California aliyeanzisha kampuni ya Gramicci mwaka 1982. Leo makampuni mengi yanaushona, na ukiwa na suruali nzuri isiyo nao, fundi hodari anaweza kukuongezea. Kwangu mimi hili ndilo sharti la kwanza. Suruali ya kitambaa cha wastani yenye mkato mzuri nitainunua. Ya kitambaa cha kifahari yenye mkato mbaya nitairudisha ilipokuwa.

Kisha magoti. Tafuta mikunjo midogo iliyoshonwa pembeni au nyuma ya goti, inayoufanya mguu wa suruali uwe umepinda kidogo hata ukiwa umetundikwa. Usiridhike kwa kusimama mbele ya kioo, maana ukiwa umesimama wima kila suruali inapendeza. Chuchumaa mpaka chini. Weka mguu juu ya kiti, uvute goti kifuani, kisha ulipeleke pembeni mbali uwezavyo. Kiuno kikishuka nyuma, au upindo ukipanda hadi katikati ya muundi, unaidai suruali kitambaa ambacho haina. Na mwenye mapaja manene achague kwa kipimo cha paja. Kiuno kikizidi, kupunguza ni kazi ndogo kwa fundi. Paja likibana, hakuna la maana atakalofanya.

Jambo linalosahaulika sana ni mkanda wa usalama, ule wa kiunoni na mapajani unaofungiwa kamba. Ukienda kujaribu suruali, nenda na mkanda wako uuvae juu yake, ukaze kama unavyoukaza mwambani. Sehemu ya kiuno hukaa juu kidogo ya mifupa ya nyonga, na chochote kigumu kilicho chini yake kitakuumiza utakaponing'inia: bizimu ya chuma, vifungo vya shaba, mshono mnene, hata vitanzi vya mkanda wa kawaida vilivyoshonwa kwa tabaka nyingi. Napendelea kiuno chenye lastiki pana au utepe mwembamba ulio bapa, na kiwe juu kiasi upande wa nyuma ili mgongo usibaki wazi ukiinama. Mifuko ya kawaida huzibwa na vitanzi vya mapajani, kwa hiyo mfuko wenye manufaa ni ule wa zipu ulio chini ya kitanzi, ubavuni mwa paja. Usiweke funguo humo. Ukianguka na kugonga ukuta, funguo ndizo zitakazokuingia kwanza.

Sasa kitambaa. Pamba nzito, ile ya turubai jepesi au jinzi laini, ni rafiki wa ngozi na huvumilia mikwaruzo vizuri. Faida yake nyingine ni kwamba haiyeyuki kamba inapopita kwa kasi juu yake, wala cheche ya moto wa kambini haitaitoboa mara moja. Tatizo ni maji. Pamba ikilowa huwa nzito, hukauka polepole, na upepo ukivuma hukunyang'anya joto. Kwa mwamba ulio karibu na barabara, siku ya jua, naivaa bila wasiwasi. Kwa njia ndefu, ambako mvua inaweza kukukuta mbali na chini, siivai kamwe.

Huko nataka nailoni. Katika nyuzi zinazopatikana kwa urahisi, nailoni ndiyo inayostahimili msuguano kuliko poliesta na pamba ya uzito uleule, na hukauka upesi. Ichanganywe na spandeksi kidogo, uzi unaovutika uliobuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers wa DuPont. Asilimia 2 hadi 5 zinatosha kabisa kama mkato ni mzuri. Muuzaji akisifia sana jinsi suruali inavyovutika, mimi huanza kushuku kwamba kuvutika huko kunafidia mkato mbaya. Vitambaa vyenye spandeksi nyingi huwa laini, na hunaswa kirahisi kwenye ncha za mwamba.

Angalia pia uzito wa kitambaa ukiwa umeandikwa. Kati ya gramu 150 na 200 kwa mita ya mraba ni chepesi, kinafaa joto na matembezi marefu ya kuufikia mwamba. Kuanzia gramu 250 kwenda juu ni cha kuburuzwa. Kile kitambaa chenye vijisanduku vya uzi mnene huzuia mpasuko usienee, na hilo ni jema, lakini hakikingi kitambaa kisilike.

Aina ya mwamba nayo ina neno. Kwenye nyufa za granaiti, goti huingizwa, hupindwa na kusuguliwa, hivyo magoti yenye tabaka mbili ni ya thamani. Mwamba wa mchanga hula kitambaa kama msasa hata ukiwa umekaa tu. Kuta za mawe ya chokaa zilizoinamia nje hazigusi mwili sana, na hapo suruali nyepesi kabisa inatosha. Lakini popote uendapo, chunguza makalio ya suruali kuukuu ya mpandaji yeyote: mara nyingi ndiyo yaliyokwisha kabla ya magoti. Suruali huliwa sana tukiwa tumekaa juu ya mawe tukimshikia mwenzetu kamba, na tukiteleza kwa makalio wakati wa kushuka. Kwa hiyo dai mishono iliyokunjwa na kupigwa mara mbili nyuma, na ikiwezekana kitambaa cha ziada hapo.

Upindo uwe mwembamba au uwe na kamba ya kukaza. Mguu mpana huficha ncha ya kiatu wakati ambapo unaihitaji kuiona, na kisigino kinaweza kuukanyaga ukikinyanyua juu kujishikiza. Rangi chagua upendayo, ila nyeusi huonyesha kila alama ya chaki tunayopaka mikononi.

Ukishaipata, ifue kwa maji baridi au vuguvugu na uianike kivulini. Joto kali la mashine ya kukaushia huua spandeksi, na dawa ya kulainisha nguo huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya jasho. Kila baada ya msimu, inyanyue dhidi ya mwanga. Ukiona mahali panapoanza kupenya nuru, magotini au nyuma, shonea kiraka kwa ndani wakati kitambaa cha juu bado kizima. Kiraka kikubwa kuliko sehemu iliyochakaa, chenye pembe za mviringo zisizobanduka, kishonwe kwa uzi wa poliesta.