Mafuta ya chipsi hayawi biodizeli kwa kuchujwa

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nina Canter ya kubeba mbao hapa Mafinga. Bei ya dizeli ilipopanda nilianza kununua mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Nayachuja kwa kitambaa mara mbili, naongeza mafuta ya taa yawe mepesi, kisha nachanganya nusu kwa nusu na dizeli. Miezi miwili gari lilienda vizuri. Sasa asubuhi linawaka kwa shida, linatoa moshi mweupe na mlimani halina nguvu. Fundi anasema ni nozo. Nikibadilisha nozo, naweza kuendelea na biodizeli yangu?

JIBU: Marahaba. Fundi wako yuko sahihi kuhusu nozo, ila ukifunga mpya ukaendelea na mchanganyiko huo, nazo zitakufa vilevile. Na hiyo uliyonayo si biodizeli.

Kila EWURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, inapotangaza bei mpya, swali hili hunijia: leo mwenye lori, kesho mwenye mashine ya kusaga, keshokutwa mwenye boti. Wote wameambiwa kwamba mafuta ya kula yakichujwa yanakuwa biodizeli. Kuchuja kunatoa mabaki ya viazi, basi. Maji yanabaki, tindikali inabaki, na gliserini iliyoshikana na mafuta yenyewe inabaki. Hiyo gliserini ndiyo shida. Ndiyo inayoyafanya mafuta ya kula yawe na mnato wa karibu mara kumi ya ule wa dizeli. Nozo imetengenezwa kupuliza dizeli ndani ya injini kama ukungu. Ukiipa kitu kizito inatoa matone. Matone hayaungui yote. Mengine yanakuwa masizi kwenye ncha ya nozo, mengine yanagandisha ringi za pistoni, mengine yanateremka kwenye oili na kuifanya nzito kama utomvu. Injini nyingi nilizoona zimekufa kwa njia hii ziliuawa na oili, wakati mwenyewe anahangaika na nozo.

Biodizeli ni mafuta yaliyotenganishwa na gliserini kwa kemia. Lita 100 za mafuta zinahitaji kama lita 20 za methanoli na kiasi cha kostiki soda kilichopimwa, katika joto la nyuzi 55 hadi 60. Gliserini inatuama chini, inatolewa, kisha kinachobaki kinaoshwa na kukaushwa. Mafuta ya chipsi yaliyochemka wiki nzima yana tindikali nyingi, kwa hiyo asiyeipima kwanza anaishia na pipa la sabuni. Na tafadhali usijaribu jikoni. Methanoli ni sumu inayopofua macho, na moto wake mchana hauonekani.

Mafuta ya taa nayo yanapunguza uwezo wa mafuta kulainisha pampu. Huo ni uchakachuaji uleule ambao serikali ilipandishia kodi mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuuzuia. Toa mafuta yote kwenye tangi, badilisha filta na oili leo, peleka nozo zikapimwe, na mwambie fundi apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujanunua chochote. Kama mafuta yako yalikuwa ya mawese, kwa baridi ya Mafinga ya Juni na Julai yangeganda kwenye bomba hata bila hitilafu nyingine.

Wauzaji wa njia hii ya mkato watakwambia Rudolf Diesel mwenyewe aliona injini yake ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli, kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Injini ile haikuwa na nozo za gari lako.

Naudhika kwa sababu tumeshapita hapa. Dizeli yote tunaagiza nje; kiwanda cha Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo kila anayekuja na neno biodizeli anasikilizwa. Wawekezaji walikuja na mbono kaburi, mti wenye mbegu za mafuta, wakasema unastawi jangwani bila maji. Mti hauna shida kuishi kwenye ukame, lakini hauzai mbegu za kutosha biashara, na mashudu yake ni sumu kwa mifugo. Kampuni ya Kiholanzi iliyochukua ardhi Kilwa ilifilisika, ya Kiingereza ya Kisarawe ikasimama mwaka 2011, na wanakijiji wakabaki wanadai mashamba yao. Indonesia mwaka 2025 ilianza kuchanganya asilimia 40 ya biodizeli kwenye dizeli yake kwa sababu hakuna nchi inayozalisha mawese kuizidi. Sisi hata mafuta ya kupikia tunaagiza.

Sasa wapo wanaouza mitambo ya kutengenezea biodizeli, ya pipa mbili na pampu. Akikufuata mmoja wao, mwombe cheti cha maabara cha mafuta yaliyotoka kwenye mtambo huohuo, kionyeshe mnato, maji, methanoli iliyobaki na gliserini. Nimekuwa nikikiomba kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuniletea.