Uzi mmoja unanguruma, mwingine umenuna: maswali yenu ya besi

Safari hii karibu kila swali ni la gitaa la besi, na karibu kila mmoja analalamika kwamba nyuzi hazitoi sauti sawa. Kabla sijajibu, tuelewane: pikapu ninayoitaja humu ni ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, si ile ya kubebea mkaa.

Shikamoo fundi. Napiga besi kwenye kwaya, Morogoro. Nyuzi nene za E na A zinatetemesha madirisha, nikihamia nyembamba za D na G sauti inakimbia. Pikapu yangu imegawanyika vipande viwili. Ni amplifaya?

Marahaba. Amplifaya iache ipumzike. Pikapu yako ni ya mtindo ambao kampuni ya Fender ilianza kuuweka kwenye besi yake iitwayo Precision Bass mwaka 1957: kipande kimoja kinasikiliza E na A, cha pili D na G. Kila kipande kina skrubu zake, kwa hiyo kimoja kinaweza kuzama huku mwenzake akiwa juu juu. Ndicho ninachokishuku hapo.

Bonyeza uzi kwenye freti (vile vichuma vinavyokatiza shingo) ya mwisho kabisa, kisha pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya tumbo la uzi na uso wa pikapu. Anza na milimita 3 hivi upande wa E, na 2.5 upande wa G. Ni mahali pa kuanzia tu, mwamuzi ni sikio. Shika bisibisi, zungusha robo, piga nyuzi zote nne kwa nguvu ileile, sikiliza, zungusha tena. Na usianze kwa kupandisha walio kimya. Shusha wenye kelele kwanza, halafu sauti iliyopungua uirudishe kwenye amplifaya.

Ukilegeza skrubu na pikapu isipande, ifungue. Chini yake kuna sponji inayoisukuma juu, na kwenye magitaa ya zamani sponji hiyo huwa imekufa. La kwanza la namna hiyo nililolifungua, sponji ilibaki vidoleni mwangu kama unga wa ngano. Nilikata kipande cha godoro, kinene kuliko lile shimo kidogo, nikakisokomeza, kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Jambo moja zaidi, na usikasirike: mpe mwenzako apige gitaa hilohilo. Mimi niliwahi kuilaumu pikapu wiki nzima, kumbe kidole changu cha kati ndicho kilichokuwa kinadonoa uzi wa G kwa uvivu.

Mimi nilipandisha pikapu zote mpaka karibu ziguse nyuzi. Sasa E inatoa kama sauti mbili zinazogombana, na sipati kuituni. Nimeharibu?

Hujaharibu kitu. Sumaku imekaribia mno, inauvuta uzi usicheze kwa uhuru wake. E ndiyo huumia zaidi kwa sababu ni nene na inayumba sana. Shusha mpaka ugomvi uishe, kisha robo mzunguko nyingine.

Nimebadilisha seti nzima Jumamosi. Zote zinalia vizuri isipokuwa E, imepooza kama kamba ya katani. Duka limeniuzia feki?

Huenda. Lakini niambie kwanza: uliukata uzi kabla ya kuukunja? Uzi wa besi una kiini cha chuma, na juu yake waya mwingine umezungushwa. Ukiukata ukiwa umenyooka, ule waya wa nje unaweza kuteleza na kulegea kwenye kiini, na uzi unakufa ukiwa mpya. Kunja kwanza kona kali, ndipo ukate mbele ya kona.

Kama hukukata vibaya, huenda uliusokota ulipokuwa unauzungushia ufunguo wa kukazia. Ulegeze, utoe ncha, uuache ujifumue wenyewe, urudishe. Kisha bonyeza kwa kidole gumba pale uzi unapovuka kile kichuma kinachoubeba kwenye daraja, ili ulale sawasawa. Hapo uzi uliodhani umekufa huweza kufufuka.

Uzi wa G uko sawa kote, ila freti ya 5 nota inazimika upesi, kama mtu ameifunika kwa blanketi. Nyuzi ni mpya.

Karibu kwenye ugonjwa wa shingo. Shingo ya gitaa nayo hutikisika, ina sauti yake ya asili. Nota yako ikigongana na sauti hiyo, shingo inakunywa nguvu ya uzi. Kwenye besi za aina ya Fender mahali hapo huwa mara nyingi kwenye G, kati ya freti ya 5 na ya 7. Bisibisi haisaidii.

Jaribu hivi: funga klampu ndogo ya seremala kwenye kichwa cha gitaa, uweke kitambaa katikati ili usichubue rangi. Uzito ule unahamisha mahali panapozimika. Usipotaka kupanda jukwaani na klampu, nota hiyohiyo, C, ipo kwenye uzi wa D, freti ya 10. Wengi wetu tumeishi hivyo miaka mingi.

Nyumbani E haisikiki kabisa, ukumbini inafunika bendi nzima. Gitaa ni lilelile.

Basi gitaa halina kesi. E ya chini ni hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, wakati G ni 98. Spika ndogo ya chumbani haiwezi kusukuma hewa ya hiyo 41, na ukumbini kona na kuta zinaiongezea. Sogeza amplifaya kutoka kwenye kona na upunguze kitufe cha besi kabla hujagusa pikapu.

Ninunue kompresa, kile kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo?

Baadaye. Ukiinunua sasa utakuwa umefunika jipu kwa plasta.

Besi yangu inatumia betri. Inaweza kuwa betri?

Betri ya volti 9 ikichoka, nyuzi zote hukwaruza au kufifia kwa pamoja, haichagui mmoja. Ila kama inakufa kila mwezi, chomoa waya kwenye gitaa ukimaliza mazoezi. Kwenye nyingi za aina hiyo, waya ukiwa umechomekwa betri inaendelea kuliwa hata gitaa likiwa limelala kwenye kochi.