Barbados kwa pasipoti ya Kenya: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Wa alaykumu salaam. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza wewe na mumeo mwende kisiwa kipi cha Karibi, tiketi mkate vipi, na mtenge pesa ngapi. Umesema pia likizo mnaweza kuichukua Agosti ama mwisho wa mwaka. Nitaanzia kwenye pasipoti, ambako wengi huishia. Mtu akianza na picha za fukwe, akaja kwenye nauli, viza akaikumbuka mwisho, hujikuta na tiketi asiyoweza kuipanda. Pasipoti ndiyo inayochagua njia, njia ikachagua tarehe, na tarehe ikapanga bei.

Nendeni Barbados. Ni nchi ya Jumuiya ya Madola na Mkenya haombi viza kuingia. Visiwa vingine vinavyokuvutia kwenye picha si nchi huru: Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa, Puerto Rico na St. Thomas ni Marekani, na viza zake ni za wenyewe hao. Barbados ni kisiwa kidogo, urefu kama kilomita 34 na upana 23, kwa hiyo mkishatua hamna safari nyingine ya ndege ya kulipia. Msishawishike kuongeza kisiwa cha pili. Kwenye ramani vimekaribiana, lakini nauli za kati ya visiwa ni ghali kuliko umbali wake, na safari moja ikichelewa inawaharibia ile ya kurudi nyumbani.

Sasa njia, na hapa nisome polepole. Kutoka Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja. Lazima mbadilishe mahali, na swali si wapi ni rahisi, bali ni wapi mtaruhusiwa kubadilisha.

Marekani iondoeni kabisa. Kule hakuna kubaki ndani ya uwanja ukisubiri ndege inayofuata. Kila abiria hupita uhamiaji hata kama anakaa saa mbili tu, na bila viza yao hamtapandishwa ndege hapa Nairobi.

London ndiyo njia ambayo mtandao utawaletea kwanza, kwa sababu ndege za kwenda Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, ni nyingi. Lakini Mkenya anahitaji viza ya kupita Uingereza hata asipotoka nje ya eneo la abiria wanaobadilisha ndege. Mwenye viza hai ya Marekani au Kanada husamehewa, nyinyi hamna. Tena viza hizo ni za aina mbili, na hapo ndipo watu hupotea. Ya kwanza ni ya kubaki ndani ya uwanja bila kupita uhamiaji. Ya pili ni ya kupita uhamiaji na kutoka ndani ya saa 48. Ndege yenu ikitua Heathrow na ya Barbados ikaondokea Gatwick, mnahitaji ile ya pili, maana viwanja hivyo viko mbalimbali na mtavuka kwa barabara na masanduku yenu. Tiketi zikiwa mbili tofauti, hata zote zikiwa Heathrow, mara nyingi itabidi mtoke, mchukue mizigo na kuisajili upya, na ile viza ya kwanza haitawasaidia. Kila moja inataka fomu, alama za vidole na wiki kadhaa za kungoja.

Amsterdam ndiyo njia yenu. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja, zina orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake lazima wawe na viza hata kwa kupita uwanjani tu. Kongo ya Kinshasa, Ethiopia na Somalia zimo, Kenya haimo. Kwa hiyo mnaweza kushuka Schiphol, uwanja wa Amsterdam, mkabaki upande wa safari za kimataifa, mkapanda ya Barbados bila viza. (Yule rafiki yako mwenye pasipoti ya Kongo akitaka kuungana nanyi, njia hii kwake haifunguki hivihivi, aulize kwanza, na aulizie pia viza ya Barbados yenyewe.)

Ruhusa hiyo ina masharti matatu, na moja likivunjika yote yamevunjika. Tiketi iwe moja kutoka Nairobi hadi Bridgetown, kwenda na kurudi. Uwanja wa Schengen uwe mmoja tu njiani, maana mkipitishwa Zurich kisha Amsterdam, safari ya kati ya miji hiyo ni ya ndani na mtahesabiwa mmeingia Ulaya. Na mizigo ipelekwe moja kwa moja, kwa kuwa ya kuchukuliwa Amsterdam iko ng'ambo ya uhamiaji.

Ndiyo maana nakuonya kuhusu zile tovuti zinazounganisha tiketi za mashirika yasiyojuana. Nauli itakuja chini kwa dola 200 au 300, na mahali fulani kwenye ukurasa, kwa maandishi madogo, utaona "self-transfer" (yaani ujihamishe mwenyewe na mizigo yako) au namba mbili za kuhifadhi nafasi badala ya moja. Ukiona hivyo, funga. Kwenye kaunta ya Nairobi mfanyakazi ataingiza pasipoti yako kwenye mfumo wa Timatic, ambao mashirika ya ndege hutumia kuangalia masharti ya kila nchi, na ukisema huruhusiwi, hapandishi mtu. Si roho mbaya: shirika likimpeleka abiria asiye na hati, linapigwa faini na kulazimika kumrudisha. Lakini nyinyi mtakuwa mmesimama pale na masanduku, na tiketi ya pili imepotea.

KLM, shirika la ndege la Uholanzi, imekuwa ikienda Bridgetown katika ratiba yake ya msimu wa baridi, inayoanza mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi. Tazama ratiba ya mwaka wenyewe mnaosafiri kabla hamjaomba likizo. KLM na Kenya Airways ni washirika, hivyo mguu wa Nairobi hadi Amsterdam unaweza kuwa wa yeyote kati yao, tiketi ikabaki moja.

Basi hilo limejibu swali lako la Agosti. Mbali na njia, Agosti ina kasoro zake. Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Barbados imejitenga mashariki ya visiwa vingine na haipigwi mara nyingi, lakini hainusuriki daima: Elsa iliipiga Julai 2021, na Beryl, Julai 2024, ilivunja mashua nyingi za wavuvi pale Bridgetown ingawa jicho lake lilipita mbali kusini. Halafu mwanzo wa Agosti ni kilele cha sherehe za Crop Over, vyumba hujaa na bei hupanda. Na miezi hiyo mwani unaoelea kutoka baharini, sargassum, unaweza kurundikana kwenye fukwe za mashariki na kusini hadi ukaoza na kunuka.

Desemba kuanzia katikati hadi katikati ya Aprili hali ya hewa ni nzuri kabisa, na wenye vyumba wanalijua hilo. Kwa hiyo chukueni mwanya uliopo: ondokeni wiki ya mwisho ya Novemba, mrudi kabla ya Desemba 12. Mvua itakuwa inapungua, bei za Krismasi hazijaanza, na tarehe 30 Novemba mtaikuta Siku ya Uhuru wao. Tiketi mkate miezi minne au mitano kabla.

Pesa. Dola ya Barbados imefungwa kwa ya Marekani, mbili kwa moja, tangu 1975, na za Marekani zinapokelewa karibu kila mahali. Kila bei mtakayotajiwa ulizeni ni dola gani, maana kosa hilo linaongeza gharama mara mbili. Nakupa bajeti ya watu wawili, usiku 9, kwa dola za Marekani. Tiketi, wekeni ukomo wa 1,700 kila mtu, jumla 3,400. Chumba chenye jiko upande wa kusini, Worthing au Hastings, 120 kwa usiku, yaani 1,080. Pwani ya magharibi ni ya matajiri, mtakwenda kuogelea na kurudi. Chakula 70 kwa siku, yaani 630, mkipika asubuhi na kula nje mara moja. Mabasi, teksi za uwanjani na gari la kukodi siku moja, 230. Matembezi, likiwemo pango la Harrison's Cave, 300. Bima ya safari 100. Inafika 5,740, ongezeni asilimia 10 ya dharura, mkadirie 6,300. Kwa dola moja shilingi 130, ni laki nane na elfu ishirini hivi. Kama hamna hiyo, sogezeni safari mwaka mmoja, msikope.

Bei ya chumba isome hadi mstari wa mwisho. Juu ya ile inayotangazwa huja kodi, tozo ya serikali kwa kila usiku, na pengine asilimia 10 ya huduma. Hoteli za kula na kunywa kila kitu ndani ya bei ziacheni: sehemu kubwa ya mnacholipia ni pombe ambayo hamtainywa.

M-Pesa haitawasaidia kule madukani. Chukueni kadi mbili za benki tofauti na mziarifu benki zote mbili. Gari la kukodi huzuiliwa amana kwenye kadi, na kwa kadi ya kawaida ya akaunti pesa hizo zinaweza kukaa kifungoni siku nyingi hata baada ya kurudisha gari, basi msitumie ile yenye pesa za chakula. Wanaendesha kushoto kama sisi, ila kibali cha mgeni cha kuendesha ni lazima, na kampuni ya gari yenyewe hukitoa.

Siku nyingine zote pandeni magari ya umma. Nauli ni dola 3.50 za Barbados popote mwendapo. Basi la buluu ni la serikali. Wekeni chenji kamili, halirudishi. La manjano ni la watu binafsi. Zile nyeupe zenye mstari wa rangi ya damu ya mzee huitwa ZR, na kwenu zitakuwa matatu tupu: makanga, muziki, na kubanana. Namba 11 hupita barabara yote ya kusini. Kwenye kituo angalieni kibao: "To City" ni kuelekea Bridgetown, "Out of City" ni kutoka. Teksi hazina mita, kwa hiyo bei isemwe kabla mlango haujafungwa.

Chakula hakitawapa shida mkijua majina. Cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia, mkono wako utaujua wenyewe, na huliwa na samaki warukao. Ijumaa usiku nendeni Oistins kwenye samaki wa kuchoma. Jumamosi wanauza pudding and souse: hiyo ni nguruwe, na mikate iitwayo cutter mara nyingi hutiwa nyama hiyohiyo, basi semeni wazi mnataka ya samaki. Bridgetown kuna misikiti na Waislamu wenye asili ya Gujarat, mtapata pa kuswali Ijumaa na wa kumuuliza nyama halali. Maji ya bomba yanyweni, yamechujwa na mwamba wa matumbawe.

Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, na sasa ni ya maisha, lakini jina kwenye cheti lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi. Wewe umebadilisha jina baada ya ndoa, angalia leo. Pasipoti ziwe na zaidi ya miezi sita. Fomu ya kuingia Barbados hujazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikiwaomba pesa, si ya serikali. Uhamiaji wanaweza kutaka tiketi ya kurudi, anwani na ushahidi wa pesa, mviweke kwenye karatasi.

Msipakie nguo yoyote ya madoa ya kijeshi, hata kofia. Sheria yao inakataza asiye mwanajeshi kuivaa. Umeme wao ni volti 115 na plagi ya pini mbili bapa. Chaja iliyoandikwa 100–240 itafanya kazi na adapta, lakini pasi na birika za hapa hazitapata moto wa maana, ziacheni nyumbani.

Ogeleeni magharibi, Holetown hadi Speightstown, ambako bahari imetulia. Bathsheba, mashariki, ni pa kutazama tu. Mkondo wake unavuta hata hodari wa maji. Na ufukweni mkiona mti uliopigwa mkanda wa rangi nyekundu shinani, huo ni manchineel. Tunda lake ni kama tofaa dogo la kijani, na ni sumu. Utomvu wake unachoma ngozi, na mvua ikinyesha matone yanayochuruzika majanini hutoa malengelenge. Usijikinge chini yake.

Siku ya kuondoka, kabla sanduku halijaondoka kwenye mkanda wa kaunta, soma ile tagi mwenyewe. Herufi kubwa ziwe BGI, yaani Bridgetown, na AMS, yaani Amsterdam, iwe ni ya kupitia tu. Ikiishia AMS, simama hapohapo waibadilishe. Tagi ndogo mnayopewa msiitupe hadi mfungue masanduku Barbados.

Mkipata tiketi inayowafaa, usibonyeze kulipa. Nitumie kwanza picha ya ukurasa mzima wenye saa, viwanja na namba ya ndege ya kila mguu, niupitie. Picha ya cheti chako nitumie leo.

Mamako