Usiwakopeshe magongo yako

Walinipigia simu jioni: kesho saa mbili asubuhi, mtaa wa Himbi, hapa Goma, tunapiga filamu, na mmoja wa wahusika ni mlemavu. Nikanyoa ndevu, nikavaa shati la misa. Kufika, kijana wa kamera akaniangalia miguu, kisha akasema kwa adabu: "Mukubwa, utukopeshe magongo kidogo."

Kumbe walichotaka ni magongo. Siku nzima nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimtazama mwigizaji mwenye miguu mizima akiyatumia, kayachomeka kwapani, uzito wote kaulaza hapo. Sisi hujisukuma kwa viganja. Ukililemea kwapa, mkono unakufa ganzi. Na chooni ningeendaje? Nilijizuia mpaka saa tisa. Yaliporudi, gongo moja halina mpira wa chini. Mawe ya lava ya Goma hayamhurumii anayeburuta. Fundi viatu akanikatia kipande cha tairi.

Tangu hapo nimeigiza mara nne, na wenzangu nawaambia kwanza hilo: magongo hayatoki bila mwenyewe.

Wakisema walemavu hawajui kuigiza, watajie filamu ya *En route pour le milliard* ya Dieudo Hamadi, ya mwaka 2020. Humo majeruhi wa vita vya siku sita vya Kisangani, vya Juni 2000, wanapanda jukwaani wenyewe kuigiza yaliyowapata.

Na ukishaingia, usiufunge mlango. Marlee Matlin, kiziwi, alishinda Oscar mwaka 1987. Miaka mingi baadaye, filamu ya *CODA* ikitayarishwa, wenye fedha walitaka mtu anayesikia, mwenye jina kubwa, aigize mume wake kiziwi. Akawaambia basi na yeye anaondoka. Nafasi ikaenda kwa Troy Kotsur, kiziwi kweli, naye akachukua Oscar yake 2022.

Ngazi, choo, nani analipa moto, yaani pikipiki, ya kwenda na kurudi: hayo uliza kwenye simu, kabla hujasema ndiyo.

Kubwa zaidi, omba hadithi nzima, si ukurasa wako tu. Kwetu mlemavu wa filamu ni ombaomba mlangoni pa kanisa, au ni aliyerogwa, na mwishoni mchungaji anamwekea mikono, anatupa magongo, watu wanalia. Muulize mwongozaji: huyu anafanya kazi gani? Anampenda nani? Nani anamdai? Akikosa jibu sikwambii ukatae, pesa ya unga ni pesa (mimi mwenyewe nimeshaponywa mara mbili). Mpe jibu wewe. Mara ya mwisho nilipendekeza mtu wangu awe mfanyabiashara anayevusha mizigo Petite Barrière, mpakani na Rwanda, kwa baiskeli ya mikono, kama wenzetu wengi walivyofanya, tena awe mjanja, amdhulumu mjane. Wakasita. Mlemavu mbaya? Wakakubali.

Wiki moja baada ya watu kuiona filamu hiyo, napita soko la Virunga, mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ananyoosha kidole: "Wewe! Rudisha franka za ule mjane!"

Sijawahi kusifiwa hivyo.