Binti wa miaka 15 anapenda bahari: aanzie wapi?

Mama, umeuliza binti yako aanzie wapi akitaka kazi ya baharini, iwe kuchunguza viumbe au kuongoza meli. Kabla ya ada yoyote, mpime macho, hasa kutofautisha rangi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hazuiliwi kuchunguza viumbe vya bahari, lakini uafisa wa sitaha, yaani kazi ya kuongoza meli, humkatalia, kwani usiku upande wa meli hujulikana kwa rangi ya taa. Inauma kugundua hilo chuo kimeshalipiwa.

Kisha mjaribu kazini. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakikupwa, aweke fremu ya sentimita 50 kwa 50 mwambani, ahesabu viumbe vilivyo ndani yake, arudie mara 10, aandike saa. Asichague palipojaa viumbe tu, hesabu itadanganya. Atoke maji yakianza kujaa. Hisabati na fizikia asiziache kamwe.